Nani Alifunga Gunia Hili? Mafunzo Niliyopata Nikiwa Fundi Bweremana

Mimi ni fundi wa kompyuta Bweremana, ufukoni mwa Ziwa Kivu, kwenye barabara inayotoka Sake kwenda Minova. Nikisema fundi, usifikirie ofisi yenye kiyoyozi. Nina kibanda cha mbao, paneli mbili za sola, betri ya gari, na meza ambayo nusu yake imejaa simu zilizopasuka vioo. Riziki yangu inatoka kwenye simu. Kompyuta huja moja moja: za shule, za vikundi, za miradi inayofika na kuondoka. Hata hivyo ni hizo kompyuta chache zilizonitia aibu, na haya ninayoandika nimejifunza kwa aibu hiyo.

1. Mega hazipotei bure

Huku kwetu hatusemi tumenunua intaneti, tunasema tumenunua mega. Unaweka uniti, unachagua kifurushi, halafu unakilinda kama mafuta ya taa. Mwaka 2021 nilikuwa natunza kompyuta sita za AVEC moja, ndivyo tunavyoviita vikundi vya kuweka na kukopa, zikiwa zimeunganishwa na modemu moja ndogo. Mpango ulikuwa mwepesi: asubuhi kusoma barua pepe, jioni kutuma ripoti, kisha modemu inazimwa. Mega 500 zilitufikisha siku nne, wakati mwingine tano.

Ghafla zikaanza kwisha kwa siku moja.

Mama mhazini alisema watu wa mtandao wanatuibia, na mimi nikaitikia, kwa sababu hilo ndilo kila mtu husema na halina gharama. Lakini usiku mmoja nilichelewa kufunga. Watu wote walikuwa wametoka, kompyuta moja tu ilikuwa imeachwa inachaji simu ya mlinzi, na taa ya modemu ilikuwa inapepesa. Haikuwa ile pepesa ya pole ya kusubiri. Ilikuwa ya haraka, ya kitu kinachopakiwa na kuondoka. Nilikaa gizani nikiitazama kama mtu anayesikia nyayo chumba cha pili.

Nikafungua dirisha jeusi la amri, nikaomba orodha ya miunganisho yote. Ilikuwepo namba ya mahali nisipopajua, na kila baada ya dakika chache kompyuta ilikuwa inaipigia. Siku chache baadaye mama mmoja wa kikundi alipokonywa akaunti yake ya Facebook, na ndugu zake wa Bukavu wakaanza kupata ujumbe kwa jina lake: mtoto amelazwa, tumeni pesa kwa namba hii. Wawili walituma.

Nilikuja kukumbuka taa ile Machi 2024. Barabara ya Sake ilikuwa imekatwa kwa vita upande wa Shasha, mizigo inapita ziwani kwenda bandari ya Kituku, na mimi nilikuwa nimehamia kwa mjomba Minova na kibanda changu kizima ndani ya begi. Nikasoma kwenye simu habari za Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL. Alikuwa anapima kazi yake nyingine kabisa akaona kwamba kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa njia ya ssh kunakula nguvu kuliko kawaida na kumechelewa kama nusu sekunde. Mtu mwingine angesema kompyuta imezeeka. Yeye alifuata ile nusu sekunde mpaka akaikuta imejificha ndani ya xz, programu huria ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux. Tarehe 29 Machi 2024 akaitangazia dunia: matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yana mlango wa uani. Tatizo likapewa namba CVE-2024-3094 na ukali wa 10 juu ya 10. Mwenye ufunguo wa siri wa mlango ule angeweza kuamrisha seva ya mtu bila nywila. Bahati nzuri matoleo hayo yalikuwa yamefika kwenye mifumo ya majaribio zaidi, kama Debian ya wajaribuji na Fedora iliyokuwa haijatoka rasmi, kabla hayajafika kwenye seva nyingi za kazi.

Mimi si Freund. Yeye alifika mpaka kwenye shina, mimi niliishia kwenye taa. Lakini nilifurahi sana kuona kwamba hata huko ilianza na mtu mbishi anayehesabu kitu kidogo ambacho wenzake wangekiacha kipite.

2. Tagi ni ya kweli, gunia ni jingine

Hakuna mtu mzima Masisi asiyeijua tagi. Ni kile kipande cha plastiki chenye namba kinachofungwa kwenye gunia la madini ya koltani ili mnunuzi wa mbali ajue limetoka mgodi gani na nani amelipima. Rubaya, kwenye migodi ya koltani, iko milimani, katika wilaya yetu hii hii ya Masisi, na nimekuwa nikiwasikia vijana wanaobeba magunia wakizungumza habari za tagi kama watu wengine wanavyozungumza habari za mpira. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti likidai kwamba tagi za mpango wa ITSCI zilikuwa zinatumika kusafisha madini yaliyotoka migodi isiyoruhusiwa. Wenye mpango walikanusha. Sina la kuamua kati yao. Ninachojua ni jambo ambalo mbeba gunia yeyote atakueleza bila kusoma ripoti: tagi inasema nani amefunga gunia. Haisemi lilipitia wapi kabla ya kufungwa.

Kwenye programu huria tagi ni saini ya kidijitali. Mtunzaji wa programu anatengeneza furushi la toleo jipya, analitia saini kwa ufunguo wake, na wengine wote huko chini wanakagua saini. Ikisomeka vizuri, wanaendelea.

Sasa tazama lilivyofungwa gunia la xz. Msimbo wa programu huria hukaa kwenye ghala la wazi ambapo yeyote anaweza kuusoma, na hilo ndilo tunalojivunia. Lakini wajenzi wengi wa mifumo hawachukui ghalani moja kwa moja, wanachukua furushi lililokwisha kutayarishwa. Ndani ya furushi la 5.6.0, lililotoka Februari 2024, kulikuwa na faili dogo la maelekezo ya ujenzi, build-to-host.m4, likiwa na mistari ambayo ghalani haikuwepo. Mistari hiyo ilikuwa inakwenda kufungua mafaili mawili ya majaribio. Mafaili ya majaribio katika programu ya kubana data huwa ni takataka kwa makusudi: moja limeharibika ili kuona kama programu itatambua, jingine ni kubwa, na kadhalika. Nani atakaa asome takataka? Humo ndimo mlango ulimofichwa, na ulijengwa tu pale mtu alipokuwa anatengeneza furushi la Debian au la jamaa ya Red Hat. Ukijijengea mwenyewe nyumbani kwa njia ya kawaida, huoni kitu.

Saini ilikuwa halali. Aliyetia saini ndiye hasa aliyekuwa na haki ya kutia saini. Tagi ya kweli, gunia jingine.

Na kuna jambo ambalo wateja wangu huwa hawaliamini mpaka niwachoree. Ssh yenyewe haihitaji xz. Baadhi ya mifumo ya Linux iliongeza kiungo ili ssh iweze kuzungumza na systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, na systemd ndiyo inayoivuta xz. Aliyeshambulia hakugusa mlango wa mbele hata kidogo. Aliingia kwa jirani wa jirani. Chukua wale vijana wanaopita hapa na simu kuhesabu waliohama vita, wakijaza fomu za KoboToolbox: programu hiyo ya kwenye simu imejengwa juu ya ODK, nayo inaendeshwa na Android, na Android imekaa juu ya kiini cha Linux, na kila tabaka lina vipande vya watu wengine ambao hawajulikani hata kwa majina. Kituo cha afya kinachotuma takwimu kwenye DHIS2, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo, kiko kwenye mnyororo wa namna hiyo hiyo. Sisemi hizo zimetobolewa, sijasikia hivyo. Nasema mnyororo ni mrefu kuliko ile programu unayoiona kwenye kioo.

3. Sanduku la kufuli tatu

Sanduku la AVEC lina kufuli tatu. Wanawake watatu, kila mmoja na ufunguo wake, na anayelala na sanduku nyumbani hana ufunguo hata mmoja. Linafunguliwa mbele ya wanachama wote, pesa zinahesabiwa kwa sauti, linafungwa. Nilipoanza kuwafanyia kazi nilifikiri ni kutoaminiana. Mama mhazini akanirekebisha. Alisema, mwanangu, kufuli tatu ni za kumlinda anayelala na sanduku, ili akija mwizi usiku au mume akiwa na shida asiweze kufungua hata akilazimishwa.

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi kwa sababu ya Lasse Collin.

Huyu ni Mfini aliyeitunza xz kwa miaka mingi, peke yake, bila mshahara. Mwishoni mwa 2021 akajitokeza msaidizi aliyejiita Jia Tan, akaanza kuleta marekebisho madogo, mazuri, ya kweli. Katika 2022 yakaja majina mengine, Jigar Kumar na Dennis Ens, ambayo hayakuleta msimbo wowote, yalileta lawama: kazi inakwenda polepole, programu inakufa, kwa nini usimpe mwingine? Collin alijibu kwa upole akaeleza kwamba amekuwa na matatizo ya afya ya akili ya muda mrefu, na kwamba hii ni kazi ya mapenzi isiyolipwa. Waliendelea kumbana. Leo karibu kila mchambuzi anaamini kwamba hao walalamikaji na msaidizi walikuwa wanapika chungu kimoja. Kufikia 2023 Jia Tan alikuwa anatoa matoleo mwenyewe.

Zaidi ya mwaka mzima wa kuja kazini, ili siku moja akabidhiwe ufunguo kwa heshima. Mwizi wa kawaida hana subira hiyo.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2018 Dominic Tarr, mwandishi wa kipande cha JavaScript kilichoitwa event-stream, alimkabidhi kazi mgeni aliyejiita right9ctrl kwa sababu mgeni aliomba, na Tarr mwenyewe alikuwa hakitumii tena. Mgeni akatia humo kitu cha kuiba sarafu za bitcoin za watumiaji wa pochi ya Copay. Watu walimshambulia sana Tarr. Mimi sikuweza. Ukimwachia mtu mmoja sanduku, kufuli na ufunguo wote, bila hata posho, halafu siku akichoka unauliza kwa nini amechoka, wewe ni mwanachama wa namna gani?

Nilianza na kibanda changu. Nywila kuu ya kompyuta za kikundi nimeigawa vipande viwili, kimoja changu, kimoja cha mama katibu. Inakera. Juma lililopita alikuwa shambani mpaka saa kumi, nami nikamngoja.

4. Alama moja ya sawasawa

Hili ni fupi lakini huwa nalionyesha kila kijana anayekuja kujifunza, nalichora kwa chaki ubaoni.

Novemba 2003 mtu aliingia kwenye seva iliyokuwa na nakala ya msimbo wa Linux akaongeza mistari miwili. Ndani yake kulikuwa na uid = 0. Ukisoma haraka utadhani ni swali: je, huyu ni mtumiaji namba sifuri, yaani mkuu wa mfumo? Lakini katika lugha ya C swali huandikwa kwa alama mbili, ==. Alama moja ni amri: mfanye huyu awe mkuu. Yeyote aliyejua namna ya kuita sehemu hiyo angekuwa bwana wa kompyuta.

Waligundua kwa sababu nakala hiyo haikulingana na ghala la asili, hakukuwa na kumbukumbu ya aliyeidhinisha badiliko. Daftari mbili, hesabu hazikukutana. Aliyefanya hajajulikana mpaka leo, na ni zaidi ya miaka ishirini.

5. Jina si ushahidi

Hapa ndipo ninapotamani kuruka, na ndipo pasiporukika.

Nilipoona ile taa mwaka 2021, sikuuliza programu imetoka wapi. Niliuliza nani amefanya. Nilikuwa na kijana mwanafunzi, ameshuka kutoka milimani pamoja na mama yake baada ya kijiji chao kuchomwa. Jina lake likitamkwa, watu wa hapa wanajua, au wanadhani wanajua, ni mtoto wa upande gani. Alikuwa mwepesi wa mikono kuliko mimi. Alikuwa anabaki kibandani jioni. Alikuwa na simu nzuri kidogo. Nikajumlisha: jioni, mikono myepesi, simu, jina. Sikuitaja hiyo ya mwisho kwa mdomo, lakini ilikuwa kwenye hesabu, tena huenda ndiyo iliyokuwa nzito.

Nilimwita mbele ya mama mhazini. Alisema, akiniita kaka mkubwa kama kawaida yake, "Yaya, si mimi." Akarudia mara moja. Kisha akaweka bisibisi yangu mezani, akaondoka.

Mega zikaendelea kwisha.

Wiki mbili baadaye kompyuta mpya ililetwa na mfadhili, ikiwa bado kwenye boksi. Niliitayarisha mwenyewe kwa flashi yangu mwenyewe, niliyokuwa naweka humo programu zote ili nisipakue upya kila mara. Ndani ya saa moja ilikuwa inapiga namba ile ile. Kijana hakuwahi kuigusa. Nikafungua flashi, nikatazama tarehe ya faili la programu moja huria ya kuandikia barua, programu njema ambayo watu wengi wanaitumia. Ilikuwa tarehe niliyokuwa Goma, sokoni Birere, nilipolinakili kwenye kompyuta ya mwenzangu ili kuokoa mega. Mwenzangu naye alilitoa kwenye tovuti ya vitu vya bure, isiyo ya wenye programu. Nilimeza uchungu nikanunua kifurushi, nikapakua lile la wenyewe, nikayaweka pamoja. La kwangu lilikuwa na uzito wa karibu mega mbili zaidi.

Mega mbili. Nilizileta mimi, mfukoni mwa koti langu, kwa mashua.

Nilimtafuta yule kijana Goma. Alikuwa amekaa chini ya mwavuli na wenzake watengeneza simu. Nilisema maneno yote niliyoyapanga njiani. Alinisikiliza, akasema jambo moja tu: "Ungeniuliza tarehe ya faili, yaya."

Tangu hapo nasoma habari za nani-amefanya kwa jicho jingine. Jina Jia Tan lilipotoka, watu wengi walikwisha kuamua kabla hata hawajamaliza kusoma: Mchina. Saa zilizoandikwa kwenye kazi zake nyingi zilikuwa za eneo la UTC+8, saa za China. Lakini saa ya kompyuta unaweza kuibadilisha kwa vidole viwili. Wachambuzi waliokaa na orodha yake walikuta kazi chache zilizoponyoka zikiwa na saa za UTC+2 na UTC+3, ambazo ni za Ulaya ya Mashariki na maeneo ya huko, na walikuta amefanya kazi katika siku za mwaka mpya wa Kichina lakini amepumzika Krismasi. Basi ni Mrusi? Nayo inaweza kuwa imepandwa. UTC+2 ni saa ya Goma pia, na hakuna aliyekuja kututafuta. Hakuna serikali iliyotoa ushahidi hadharani kusema aliyekuwa nyuma ya jina hilo ni fulani.

Na wanaopanda ushahidi wapo kweli. Februari 2018 kirusi kilivuruga kompyuta za Michezo ya Olimpiki ya Pyeongchang, na ndani yake kulikuwa na alama zilizoelekeza kwa wadukuzi wa Korea Kaskazini. Wataalamu wa Kaspersky walikuja kuonyesha kwamba alama moja muhimu imeghushiwa. Oktoba 2020 Marekani ikawashtaki maafisa wa ujasusi wa jeshi la Urusi kwa kazi hiyo.

Ukidhani funzo ni kwamba nyuma ya kila kitu kuna Mrusi, twende Nairobi. Julai 2023 huduma za eCitizen za serikali ya Kenya zilianguka, watu wakakwama na viza, pasipoti na leseni, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai ni lenyewe. Wataalamu kadhaa wakubwa walikuwa wanasema hilo jina la Sudan ni kofia tu, ndani kuna Warusi. Walikuwa na hoja nzuri. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani wakafungua mashtaka dhidi ya ndugu wawili, Wasudani. Kwa mujibu wa mashtaka hayo, jina walilojiita lilikuwa kweli muda wote.

Kwa hiyo siku hizi natenganisha maswali. Mkono wa nani ulibonyeza? Hili mara nyingi unaweza kulijibu: akaunti fulani, siku fulani. Mkono huo ni wa mtu gani mwenye mwili? Hili ni gumu. Na nani aliyemlipa? Hili huwa linahitaji watu wenye masikio ndani ya nyumba za wengine. Udukuzi wa kampuni ya programu SolarWinds uligunduliwa Desemba 2020, wateja kama 18,000 wakiwa wamepakua toleo lenye sumu, na Marekani yenye vyombo vyote vile ilisubiri mpaka tarehe 15 Aprili 2021 kuitaja rasmi idara ya ujasusi ya Urusi, SVR. Miezi minne. Mimi nilimaliza kesi yangu kwa dakika kumi, nikiwa na bisibisi.

Huku kwetu jina limewahi kumgharimu mtu zaidi ya kazi. Sitaendelea na hilo, kila msomaji wa Kivu anajua barabara zetu zina vizuizi na vizuizini unaulizwa nini.

6. Wakati mwingine umeme ukikatika, shukuru

Hiki ni kichekesho changu ninachokipenda, nacho ni cha kweli. Juni 27, 2017, sasisho la programu ya kodi ya Ukraine iitwayo M.E.Doc, ambayo si programu huria lakini sumu ilipita njia ile ile ya gunia lenye tagi halali, lilieneza kirusi NotPetya. Kampuni ya meli Maersk ilipigwa dunia nzima. Seva zake zinazoshika orodha ya nani ni nani katika mtandao wa kampuni zilifutwa moja baada ya nyingine, na bila hata nakala moja wasingejua waanzie wapi. Wakatafuta kila ofisi. Wakaikuta moja nzima, Ghana, kwa sababu siku hiyo umeme ulikuwa umekatika na seva imezimika. Mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza, ambako diski ilikuwa inahitajika, basi ikabidi apande ndege mpaka Nigeria akamkabidhi mwenzake diski uwanja wa ndege, naye akaipeleka.

Nilimsimulia mlinzi wa AVEC. Akasema, basi sisi hapa tuko salama kuliko wote.

7. Herufi sitini na nne

Sasa sichukui programu kwa mwenzangu, hata awe rafiki, hata mega ziwe ghali. Nachukua kwa wenyewe, na baada ya kupakua nahesabu heshi ya SHA-256: herufi na tarakimu 64 zinazotoka kwenye faili kama alama ya kidole. Kitu kimoja kikibadilika ndani ya faili, karibu zote zinageuka. Kisha nahitaji mtu wa pili, mahali pengine, kwa mtandao mwingine, anayepakua lile lile na kupata alama yake. Heshi isingemzuia Jia Tan, kwa sababu gunia lilitoka kwake likiwa tayari limejaa. Inazuia watu kama mimi wa Birere.

Mtu wangu wa pili ni yule kijana wa Goma. Hakukubali mara moja. Alikubali mwaka jana, kwa sharti kwamba tusomeane kwa simu, kwa sauti, kwa sababu akaunti ya ujumbe inaibwa na alishaona. Tuna maneno yetu: a ya asali, b ya Bweremana, c ya chukudu, d ya dawa, e ya embe, f ya fufu. Mama mhazini anapotusikia anacheka mpaka anashika mlango.

Mara ya mwisho uniti zake zilibaki za ujumbe mmoja tu tukiwa kwenye herufi ya 41. Akaniletea 23 zilizobaki kwa ujumbe mfupi. Niliweka ukucha kwenye kioo, nikafuata moja moja. Ya 53 haikufanana: kwangu b, kwake d. Moyo ukaruka, na mdomo ulikuwa umeshafunguka kumwambia mama katibu kwamba huyu kijana tena. Nikaufunga. Faili likiwa tofauti zinaharibika nyingi, haliharibiki herufi moja. Nikamwandikia: tazama ya 53.

Jibu likaja baada ya robo saa, ameazima uniti.

"Pole yaya, kidole. Ni b. Ya Bweremana."